Nilivyofunga Maji ya Bibi Ndeanasia Nikiwa Darasani

Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Baridi, vumbi, na Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi. Viganja vyangu vina malengelenge manne, mawili kila kimoja, kwa hiyo naandika kwa kidole kimoja. Makosa ya herufi mtanisamehe, nyinyi watano mnaosoma blogu hii, mmoja wenu akiwa mama yangu.

Leo nimeshtakiwa.

Si mahakamani. Nimeshtakiwa mbele ya kamati ya mfereji, huko juu mlimani ninakofundisha, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani na nimebeba mkoba wenye hotuba ya kurasa mbili. Hotuba sikuisoma. Nitaeleza kwa nini, lakini lazima nianzie Jumatatu, maana Jumatatu ndipo nilipojiharibia mwenyewe.

Jumatatu shuleni tulipokea mabango ya kufundishia utunzaji wa maji. Mazuri, ya rangi, yanang'aa. Kwenye bango langu kuna mtoto anapiga mswaki mbele ya sinki huku bomba likimwaga maji, na juu yake kuna alama kubwa nyekundu ya kukataza. Mtoto mwenyewe ana meno meupe ambayo huku kwetu, kwa maji tunayokunywa yenye madini ya kutia meno rangi ya kahawia, hata mchungaji hana. Mimi mwenyewe kwenye picha natabasamu nikiwa nimefunga mdomo.

Shule yetu haina bomba. Tuna simtanki moja na vidumu vya lita tano ambavyo watoto huja navyo kutoka kwao. Darasa la tano walilitazama lile bango kwa adabu, kama mtu anayeoneshwa albamu ya harusi ya watu asiowajua. Mwishowe mmoja akauliza lile beseni limeshikiliwa na nini ukutani.

Nikaamua kurahisisha. Kwa kurahisisha huwa najisifu sana, hata kwenye barua yangu ya maombi ya kazi niliandika hivyo. Nikabandua bango, nikachukua chaki, nikaandika kwa herufi kubwa: UKIONA MAJI YANAKIMBIA NA HAKUNA MTU, FUNGA. Tukasema pamoja mara tatu. Mara ya nne wakapiga na madawati. Nikaongeza kwa mdomo: anzeni nyumbani kwenu, msisubiri kuambiwa.

Hapo Neema akanyoosha mkono. Neema ana miaka kumi na mmoja, anaishi na bibi yake, na ndiye mtoto pekee darasani anayefuta ubao bila kutumwa.

"Mwalimu, na kama hayo maji ni zamu ya mtu?"

Mimi nilikuwa nimeshapandwa na mori. Madawati yanalia, darasa zima limechangamka, halafu mtu ananiletea "na kama". Nikamwambia, "Neema, hakuna na kama. Maji ni maji. Funga."

Akaandika kwenye daftari. Nilimwona akiandika.

Sasa, huko juu kuna mfereji unaochomoka mtoni na kushuka katikati ya migomba na mahindi, na familia zinagawana maji yake kwa zamu. Kila nyumba ina siku yake na saa zake, mara moja kwa wiki, na shule ina Jumamosi asubuhi, ndipo simtanki inapojazwa. Hayo yote nimeyajua leo. Mimi nimekulia Lemara, mjini, kwenye nyumba yenye bomba uani na mita ukutani. Mwaka wa pili huu nauruka ule mfereji kila siku nikienda kazini, nikidhani ni kijito tu kinachojipitia.

Baada ya somo nikaunda kikosi. Nikakiita Askari wa Maji. Kila askari nikampa utepe wa bluu wa kubana kwenye sweta, niliokata kutoka kwenye kitambaa kilichobaki cha sare ya send-off ya mdogo wangu. Ni satini. Watoto walipendeza kweli, na mimi nilijipiga picha nao nikiwa nimefunga mdomo.

Jumatano saa kumi na moja jioni nilikuwa narudi kwa bodaboda. Tulipofika pale mfereji unapokatiza njia, tukakuta tope hadi kwenye kifundo cha mguu. Mfereji umefurika, maji yanatapakaa barabarani, na hakuna mtu. Pikipiki ikayumba, dereva akaomba nishuke, nikashuka, kiatu kimoja kikabaki ndani ya tope. Nilikasirika. Kwa watu wenye elimu yao ya maji kama mimi, ile ilikuwa dharau.

Nikatoa simu, nikapiga picha, nikaituma palepale kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la tano. Nikaandika: "Ndugu wazazi, tazameni. Wiki hii hii ninafundisha watoto wenu kutunza maji, na watu wazima wanayaacha yamwagike barabarani. Huu ni uzembe." Nikaweka vikaragosi vitatu vyekundu vya hasira. Wazazi wakanipa dole gumba za kutosha. Nililala vizuri sana siku ile.

Ijumaa mwalimu mkuu akaniita ofisini. Ni mtu mpole, mwenyeji wa kulekule, na akianza kuzungumza huku anapanga kalamu mezani ujue kuna jambo.

"Jesca, kesho saa mbili kamati ya mfereji inakuhitaji kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni. Wanasema watoto wako walifunga mfereji Jumatano. Nenda na jembe."

Habari ya watoto ilinishtua. Ya jembe nikacheka, nikijua ni utani wa wenyeji. Yeye hakucheka, akaendelea na kalamu zake.

Nikaenda nyumbani kuandika hotuba. Hapa naungama, kwa kuwa ndiyo kazi ya shajara: kwenye zile kurasa mbili maneno "watoto hawakunielewa" yametokea mara nne. Moja nimelipigia mstari.

Asubuhi ya leo nilipofika kwenye banio walikuwa wamesimama kama watu thelathini, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na jembe lake. Wengine wameliegemea, wengine wameliweka begani. Mwenyekiti wao, Mzee Anaeli, alivaa koti la suti na gambuti. Pembeni yake, akiwa amempa mgongo kabisa, alisimama Bibi Ndeanasia, ambaye ni bibi yake Neema. Neema mwenyewe alikuwa nyuma ya bibi yake, ameshika jembe refu kuliko yeye. Sweta lake halikuwa na utepe.

"Shikamooni wazee wangu," nikaanza, huku nafungua mkoba.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Anaeli akajibu. "Jembe lako liko wapi?"

Nikasema sikuja nalo.

"Basi utasikiliza. Hapa anayesema ni aliyekuja na jembe."

Nilidhani ananitania. Nikatazama zile nyuso moja moja, nikitafuta atakayecheka kwanza. Kumbe ndiyo desturi yao: mfereji huchimbwa na kusafishwa na wote, na asiyekuja na kifaa cha kuusafishia hana neno juu yake. Mimi, mwenye shahada, mwenye kurasa mbili, nikafunga mkoba na kunyamaza. Sijawahi kunyamaza hivyo tangu nilipopata kipaimara.

Bibi Ndeanasia akaanza. Anaongea Kiswahili cha taratibu, lakini kila neno linafika lilikotumwa.

"Zamu yangu ni Jumatano, saa tisa mpaka jua lizame. Mimi saa tisa niko shambani, miguu ndani ya mfereji mkavu. Nimengoja. Nimengoja mpaka nikaanza kuongea na kabichi. Maji hayaji. Nikasema, ni huyu." Akamwonesha mwenyekiti kwa kidevu, bila kugeuka. "Shamba lake liko juu yangu. Nani mwingine? Nikaenda kwake, nikamwambia maneno."

"Aliniita mwizi wa maji," Mzee Anaeli akasema. "Mbele ya wakwe zangu."

"Nilikuita mara mbili," bibi akamkumbusha.

Watu wakaguna. Baadaye nilielezwa kwamba kule, kumwita mwenyekiti wa mfereji mwizi wa maji ni kama kumwita mhasibu wa kanisa mwizi wa sadaka. Tangu Jumatano wale wazee wawili hawajasalimiana, na mashamba yao yanapakana.

Mzee Anaeli akatoa simu mfukoni. Mkwewe ni mzazi wa darasa la tano. Akaniletea mpaka usoni.

"Mwalimu, hii picha ni yako?"

Nikatikisa kichwa kukubali, maana jembe sikuwa nalo.

Akaikuza kwa vidole viwili, taratibu, akizunguka na simu ili kila mtu aone. Kwenye kona ya chini, nyuma ya lile tope lililonitia hasira, kulikuwa na ukuta mdogo wa mawe, udongo na kipande cha mgomba, umejengwa kukatiza mfereji wote mpaka ukazibika. Na katikati, pale ambapo maji yangeweza kupenya, pamesokomezwa sweta la kijani la shule yetu. Kwenye sweta kuna utepe wa bluu. Satini inang'aa hata kwenye picha mbaya.

Ile picha nilikuwa nimeitazama mara nyingi, nikihesabu dole gumba. Niliona tope tu.

"Ni mimi," Neema akasema.

Akasogea mbele na lile jembe lake. Alisimama wima, jembe ubavuni, vile tunavyowafundisha kusimama wakitaka kujibu swali.

"Nilitoka shule saa tisa. Nikaona maji yanakimbia na hakuna mtu. Nikafunga. Nilijua ni zamu ya bibi. Lakini mwalimu alisema tuanze nyumbani kwetu. Na alisema hakuna na kama."

Alisema alidhani bibi yake akiona maji hayaji atapanda kuangalia, atafungua, na yeye atakuwa ametimiza kazi. Lakini bibi hakupanda. Kwa hasira alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Anaeli. Neema alipoona jua linashuka alikimbia akafungua mwenyewe, akachomoa sweta lake, ila zamu ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine.

Bibi Ndeanasia alikuwa ameshageuka. "Ni wewe? Siku tatu unakula kwangu, unanisikiliza namtukana mzee wa watu?"

"Nilitaka kusema, bibi. Hukuacha nafasi."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa naliangalia sweta la Neema, pale utepe ulipokuwa, pamebaki matundu mawili ya pini.

Mama mmoja wa kamati, jembe begani, akasema yeye anaona jambo ni rahisi. Kama shule inafundisha watoto kuharibu zamu za watu, shule itolewe kwenye zamu mpaka mvua zije. Wengine wakaitikia. Nikapiga hesabu haraka kichwani: simtanki tupu, Oktoba yote, pengine na Novemba, watoto wa darasa la kwanza wabebe vidumu viwili badala ya kimoja. Na mimi sina jembe.

Neema akanijia. Akanikabidhi la kwake, mpini mbele, kama anavyonipa chaki.

"Jitetee, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini.

Nataka niwe mkweli. Nilipolishika lile jembe, neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa lile lililopigiwa mstari. Lilikuwa tayari, limepangwa vizuri, na lingeniokoa. Watoto hawakunielewa. Nani angebisha? Mtoto wa miaka kumi na mmoja?

Lakini yule mtoto alikuwa amenielewa kila neno. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Yeye alijua kuhusu zamu na mimi sikujua, akaniuliza kwa heshima, nikamnyamazisha kwa sababu madawati yalikuwa yanapigwa vizuri. Akaacha anachokijua akafuata ninachokisema, na tena akaanza na kwao, asije akaonekana anapendelea.

Nilisema hivi, na sikumbuki nilikuwa nazungumza na nani: "Neema aliniuliza Jumatatu. Aliniuliza, na kama ni zamu ya mtu. Mimi ndiye niliyemwambia hakuna na kama. Sikujua zamu ni kitu gani. Kosa ni langu, yeye alifanya nilichomfundisha." Halafu nikalia kidogo, jambo ambalo halikuwemo kwenye hotuba.

Sijawahi kuona watu wakikubaliana na mimi haraka hivyo.

Mzee Anaeli akauliza kama kuna mwenye neno. Bibi Ndeanasia akasema yeye anataka maji yake tu, miche iko inakufa wakati watu wanahutubia. Hukumu ikatoka papo hapo. Shule ibaki kwenye zamu, ila maji ya leo aende nayo bibi, simtanki ikae tupu wiki moja. Na mwalimu asafishe mfereji kutoka kwenye banio mpaka unapokatiza njia, kisha afungulie maji mwenyewe na kuyasindikiza mpaka shambani kwa bibi.

"Kuyasindikiza?" nikauliza. Nilikuwa na jembe sasa, nina haki.

"Uende nayo," mwenyekiti akasema. "Ili uone yanakwenda kwa nani."

Basi nikachimba kwa viatu vya kanisani. Neema alinionesha namna ya kushika mpini, maana nilikuwa nalishika jembe kama fagio. Nimetoa majani, tope, mizizi, chupa za soda, utepe mmoja wa bluu, na kiatu changu cha Jumatano. Wanakamati walibaki wote kunitazama. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

Tukafungulia. Mimi nilizoea kwamba maji ukiyafungulia yamefika. Haya hayakuwa hivyo. Yaliingia kwenye ule mfereji mkavu polepole, yakisukuma vumbi na majani mbele yake, yakisimama kwenye kila shimo mpaka lijae ndipo yaendelee. Mimi na Neema tukatembea pembeni. Tulipita mashamba ya watu watano, na kote hakukuwa na mtu. Kama ningepita pale Jumatatu ningesema kwa uhakika wote: maji haya hayana mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa chini huko, ameinama, anayangoja.

Bibi Ndeanasia alikuwa amewahi kwa njia ya mkato. Kitalu chake ni kidogo, matuta tisa ya miche ya kabichi na nyasi kavu juu ya kila tuta. Alipofunua nyasi niliona kwenye matuta mengine miche imelegea tu. Kwenye matuta matatu ya mwisho ilikuwa imelala chini kabisa, myembamba, rangi ya karatasi.

"Haya matatu yamekwenda," akasema.

Niliona aibu mpaka masikioni. Nikamwambia samahani, nikarudia, nikaanza kueleza tena. Akanikatiza.

"Mwalimu, sogea. Umekanyaga tuta zima."

Nikasogea. Maji yakaingia. Akayaongoza kwa jembe, kidogo huku, kidogo kule, hakuna tone lililopita bila kuambiwa pa kwenda. Nina mabango kumi na mawili shuleni, na hakuna hata moja linaloonesha mtu anayetunza maji kama yule bibi.

Mzee Anaeli akatokea upande wake wa uzio, gambuti na koti. Bibi hakuinua kichwa. Akamsalimia kwa Kimeru, salamu fupi sana, fupi kuliko zote nilizowahi kusikia. Mzee akaitikia kwa kirefu mno. Halafu akauliza kama miche itatosha, maana yeye anayo ya ziada, matuta matatu hivi. Bibi akasema ataangalia. Mzee akaondoka akipiga mluzi.

Nilikuwa naosha mikono kwenye mfereji nikamwona Neema, katikati ya shamba, amenyoosha mkono. Hakuna darasa, hakuna dawati, ananitazama tu na mkono wake juu, anangoja. Mdomo wangu ukafunguka kumwambia ashushe, tuko nje. Nikaufunga.

"Uliza, Neema."

"Mwalimu, ile ya ubaoni, Jumatatu tuifute?"

Nilikuwa na jibu, huwa ninalo. Nikameza.

"Wewe unaonaje?"

Akafikiri. "Tusifute. Tuongeze. Kwanza ujue ni ya nani."

Nikamwambia ataiandika yeye, na utepe wake ninao kwenye mkoba, juu ya zile kurasa mbili.

Wakati naondoka bibi akaniita. Nilidhani ananisamehe. Akanipa lile jembe alilokuwa nalo Neema, akasema lina mpini mwepesi, nilitumie, ila Jumamosi ijayo ni zamu ya shule na anataka kuniona kwenye banio saa mbili kamili. Akatazama viatu vyangu na kutikisa kichwa.

Kwa hiyo sasa hivi, hapa Lemara, kuna jembe limeegemea friji yangu. Jirani ameshauliza kama nimenunua shamba. Bomba la uani linadondosha kama linavyodondosha siku zote, na kwa mara ya kwanza nimetoka kwenda kulikaza, kisha nikasimama pale nikijiuliza yale maji yalikuwa yanakwenda kwa nani. Sijui. Mwaka wa ishirini na tisa huu nakunywa maji, sijui.

Jumatatu nitaingia darasani na jembe. Bila hilo, sidhani kama Neema ataniruhusu kusema.